Amekojoa paka

"Amekojoa paka," binti yangu kaniambia jana asubuhi, kasimama mlangoni mwa chumba chake, gauni la kulalia limemganda mapajani. Ana miaka sita. Paka mwenyewe alikuwa dirishani jikoni tangu saa kumi na moja, anawatolea macho kunguru wa kwenye mwembe kama anawadai. Usiku kucha mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa umefungwa, niliufunga mwenyewe.

Sikumbishia. Nilicheka mpaka nikakaa kitandani, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Maneno yale niliwahi kuyasema mimi, hivyo hivyo, nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwa mama yangu mzazi, tena mchana wa Ramadhani na swaumu mdomoni.

Ilikuwa Magomeni, mwezi wa nane mwaka 2011. Aliyekuwepo Dar mwaka ule hahitaji kuelezwa mgao wa umeme. Asiyekuwepo hataelewa hata nikimweleza. Nyumba ilikuwa ile ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uwani nyuma na choo cha wote. Sisi tulipanga viwili. Usiku mmoja Kaka akarudi kazini na kitu kinafurukuta ndani ya begi, akakitoa mbele ya mshumaa, kikatupigia chafya. Mtoto wa paka, dume, rangi ya majivu, miguu ya mbele myeupe kama kavaa soksi. Kwa kuwa aliingia gizani, jina likawa Mgao.

Wiki ile ile Bibi akaja kutoka Utete kwa ajili ya macho. Anaona ukungu, alisema. Alishuka Rangi Tatu na kapu la perege wakavu ambalo lilimfanya Mgao ampende kuliko sisi sote tuliomwokota. Bibi akapewa kitanda changu, mimi nikatandika mkeka chini. Mama alijaribu kumwambia mgonjwa anasamehewa kufunga, Bibi akamjibu kwamba macho hayali.

Sasa, huyu Mgao. Tulimtengea beseni lililopasuka ukingo, tukalijaza mchanga wa kujengea tulioomba kwa jirani, tukaliweka uwani karibu na choo, maana tuliona wote tunaenda upande huo. Kufukia paka hafundishwi, anazaliwa nako. Kazi yako ni kumwonyesha mahali tu: akiamka unambeba, akimaliza kula unambeba, unamweka juu ya mchanga, anaparua mwenyewe. Siku tatu hatukuwa na neno naye. Ya nne akakojoa kwenye mkeka wangu. Ya tano kwenye tenga la nguo chafu. Ya saba, mswala wa Bibi.

Bibi hakupiga kelele. Aliukunja mswala pande nne, akaniwekea miguuni, akasema mate ya paka si najisi, paka ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani, Mtume kasema. "Lakini mkojo ni mkojo, mjukuu wangu."

Kila mtu akawa mtaalamu. Kaka akataka ashikwe shingo asuguliwe pua pale pale alipokojoa. Nilikataa. Paka wetu wa kwanza alifanyiwa hivyo na alichojifunza ni kumkimbia Kaka. Mama akaja na jiki. Akaimwaga juu ya mkojo, na dakika hiyo hiyo tukatoka wote wawili mpaka barazani tunakohoa, macho yanachuruzika. Siku hizi najua kwamba mkojo una amonia na jiki ikikutana nayo hutoa hewa ya sumu. Siku ile tulidhani ni mkojo wa jini. Isitoshe, jiki ilipokauka Mgao akarudi pale pale, akanusa, akachuchumaa. Pua ya paka inasoma kilichobaki wakati sisi tumeshasahau. Kilichosaidia kilikuwa siki iliyozimuliwa kwa maji, na jua la saa saba.

Aliyetusaidia kweli ni daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja kuku wa mama mwenye nyumba. Tulimdaka mlangoni. Akamlaza Mgao mkononi, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili. Anachuchumaa muda mrefu bila kutoa kitu? Hapana. Analia akikojoa? Mkojo una damu? Hapana. Akasema kama ingekuwa ndiyo, hasa hilo la kwanza, nisingengoja kesho, dume akiziba anakufa ndani ya siku chache. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwenye nyumba wala mpangaji aliyewahi kuliwaza: "Anakosea saa ngapi?"

Nikaanza kumlia chabo. Usiku wa umeme, Mgao alikwenda zake uwani, akafukia, akarudi mkia juu. Usiku wa giza, mama mwenye nyumba akiwasha jenereta lake hatua tatu kutoka kwenye beseni, mtoto alifika mwisho wa korido, masikio yakalala, tumbo likashuka chini, akageuka nyuma. Alikuwa anaogopa ile ngurumo. Mgao anakojoa ndani kwa sababu ya mgao! Tulicheka siku nzima. Nikalihamishia beseni chumbani kwetu, nyuma ya mlango, mbali na bakuli lake la chakula, maana paka hapendi kula anapojisaidia, na nani anapenda. Toka usiku huo hakukosea tena. Naandika hivyo nikiwa na uhakika, na uhakika huo ndio ulionitesa.

Zikapita siku nne kavu. Tukaingia kumi la mwisho.

Nakumbuka ilikuwa saa kumi ya usiku, kabla ya daku, umeme hakuna. Bibi alikuwa ameshatoka kwenda kutawadha. Nikainuka kumtandikia kitanda, tochi ya simu nimeing'ata mdomoni, nikavuta shuka. Shuka likagoma, likanata. Nikaweka kiganja. Vuguvugu bado.

Nikamtazama Mgao. Alikuwa kwenye mkeka wangu, ndani ya kanga yangu, amejikunja duara na ncha ya ulimi nje, anakoroma vile wanavyokoroma wadogo. Nikamulika godoro tena. Lile doa lilikuwa pana kama sinia la pilau. Paka mzima wa umri wake, ukimkamua wote, hajazi kikombe cha kahawa. Nikainama kunusa. Mkojo wa paka unapanda mpaka machoni, ukiunusa mara moja huusahau. Huu haukupanda. Ulikuwa na kitu cha kuelekea kwenye utamu, kama maji ya miwa yaliyolala.

Halafu nikawaona sisimizi. Walitoka kwenye ufa wa ukuta, wakashuka kwenye mguu wa kitanda, wakapita chini ya chaga na kupanda upande wa pili, mstari mmoja mwembamba usiokatika, na walipofika kwenye godoro walikuwa wamejipanga ukingoni mwa lile doa, vichwa ndani, kama ng'ombe kwenye lambo. Usiku wote ule hawakuwa na haja ya taa. Niliwatazama muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Tochi ilianza kuniumiza meno.

Nikasikia kandambili. Bibi alisimama mlangoni, maji ya udhu yanamdondoka viwikoni, moja, moja, kwenye sakafu. Sijui aliona nini na yale macho yake ya ukungu. Mimi nilimwona. Alikuwa ameshika upande wa kanga kifuani kwa mkono mmoja, na ule mwingine ameuegemeza kwenye fremu ya mlango, na alionekana mfupi. Mwanamke huyu alizaa tisa. Alituosha wote, watoto na wajukuu, kuanzia nepi, na sijawahi kumsikia akimtaja mtu kwa alichokifanya kitandani.

"Paka wako huyo," akasema. Taratibu.

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe. Nitamfunga."

Nikawafuta sisimizi kwa pindo la kanga. Kwanza kwa juu, halafu nikasugua.

Mchana Mama alilikuta godoro limeegemezwa ukutani uwani. "Paka tena?"

"Amekojoa paka."

Ilitokea mara tatu zaidi. Nikatandika nailoni chini ya shuka na kusema ni ya kumzuia Mgao. Nikawa naamka kabla ya wote. Jagi la maji la Bibi, ambalo lilikuwa linalala kando ya kitanda na kuamka tupu, nililijaza kila jioni na kujiona mjukuu mwema. Alikuwa anakunywa kama mchanga. Tulisema ni swaumu, ni joto, ni perege wana chumvi. Na hapo ndipo ninapojichoka: nilikuwa na macho mazima, nilikuwa na jagi mkononi na sisimizi kwenye pindo la kanga, na akili yangu yote niliipeleka kwenye kumsitiri. Neno zuri, kusitiri. Tumelelewa nalo. Sikujua kwamba unaweza kumfunika mtu mpaka daktari naye asimwone.

Aliyelipa hapohapo ni Mgao. Baada ya mara ya nne Kaka akaja na kiroba cha sembe, kitupu, akasema paka huyu anakwenda sokoni, huko kuna panya na utumbo wa samaki, hatakosa riziki. Kila mtu anajua maana ya kumpeleka paka sokoni kwenye kiroba. Nikasimama katikati ya korido sina la kusema, maana la kusema lilikuwa moja tu na sikuweza kulisema. Mgao alikuwa ameshaingizwa kichwa, miguu ya nyuma inapiga mateke.

Sauti ikatoka chumbani. "Mwacheni huyo paka."

Kaka akasema, "Bibi, anakukojolea wewe."

"Mwacheni. Mwezi mtukufu huu."

Kiroba kikalegea. Jioni ile, kwenye futari, nilimwona Bibi akipapasa bakuli lake, akavunja kichwa cha perege, akakishusha chini ya mkeka upande wa kulia bila kuangalia, na mkono ukabaki pale chini mpaka kikaliwa. Alifanya hivyo kila siku mpaka Idi. Sikuwahi kumuuliza. Alijua kwamba najua? Alimhonga paka, au alimwomba radhi? Nilidhani kuna siku tutakaa wawili tukacheka. Sisi watu wa familia hii tunapenda sana kudhani kuna siku.

Kliniki ya macho ilikuwa wiki mbili baada ya Idi. Kabla ya kumulikwa wakamtoboa kidole, mita ya sukari ikasoma 19 na kitu. Nesi akaangalia mita, akaangalia Bibi, akamuuliza Mama: anakunywa maji sana? Anakojoa sana usiku?

"Hapana," Mama akasema kwa moyo safi. "Hatujaona hivyo."

Bibi alikuwa anatazama mbele, ukutani, kama haambiwi yeye. Na mimi mbele yake sikufungua mdomo. Nilisubiri nesi atoke, nikamfuata kwenye korido, nikamwambia kwa kunong'ona kama mwizi anayejisalimisha. Akauliza tangu lini. Nikahesabu. Wiki tatu. Akaandika, hakuniangalia vibaya, hakuniangalia vyovyote.

Bibi aliishi miaka sita mingine, na dawa zake na chai yake isiyo na sukari aliyoilaani kila asubuhi. Macho hayakurudi yote. Daktari alisema uharibifu ule ulikuwa wa miaka, si wa wiki tatu. Nimelishikilia neno hilo. Kuna siku linanitosha. Mgao tulimwachia muuza samaki wa kukaanga wa mtaa wa pili tulipohama, akanenepa mpaka akakosa shingo, na kwa maelezo ya mwenye meza hakuwahi kukojoa pasipotakiwa hata siku moja. Jina lake halikusafishwa. Kaka mpaka leo akimtaja anasema yule kikojozi.

Basi jana nilimwambia mwanangu akaoge, nami nitamshughulikia paka. Akaondoka mbio, mabega yameshuka kwa nafuu. Nilibeba godoro mpaka nyuma, jua lilikuwa limeshafika kwenye ukuta wa jirani. Kabla ya kuliegemeza nikapiga magoti, nikalipitia pembeni kwa pembeni, nikafuata mshono wote kwa kidole, nikiangalia kama kuna sisimizi.

Hakuna. Nikaligeuza, nikaangalia na upande wa pili.