Taa ya injini baada ya kubadilisha eksozi: sensa ya oksijeni mara nyingi inasema kweli

Katika gereji za Unga Limited hapa Arusha, gari lililofungwa hedasi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) na eksozi kubwa likiwasha taa ya injini, hukumu hutolewa haraka: sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa eksozi, imekufa, itafutwe nyingine. Mimi hufanya kazi ya umeme wa magari, na ninaumia kuona watu wakitoa fedha nyingi kununua sensa ambazo hawakuzihitaji, huku tatizo lenyewe likiachwa palepale lilipo. Msimbo unaosomwa na mashine hueleza kile ambacho kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekiona. Hautaji kifaa cha kununua. P0171, kwa mfano, maana yake ni kwamba upande wa kwanza wa injini, yaani ule wenye silinda namba 1, unaonekana kuwa na hewa nyingi kuliko mafuta, na sensa iliyotoa taarifa hiyo huenda ndiyo iliyo nzima kuliko vyote katika mfumo huo.

Kabla ya kushika spana ni lazima kujua gari lina sensa ya aina gani. Ile ya zamani hutoa volti kati ya 0.1 na 0.9, na ikiwa nzima hupanda na kushuka bila kutulia, ikikatiza 0.45, ambapo mchanganyiko ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea zinazotoka Japani, Mark X ikiwemo, zina sensa ya A/F, yaani ya uwiano wa hewa na mafuta, mbele ya masega (kifaa cha kusafisha moshi ndani ya eksozi), na tabia yake ni tofauti kabisa: hutulia karibu na volti 3.3, na volti hizo hupanda hewa inapozidi, ilhali ile ya zamani hupanda mafuta yanapozidi. Baadhi ya mashine za kupimia huigawa namba hiyo kwa 5 na kuonyesha 0.66, hivyo fundi aliyezoea sensa ya zamani akiona mstari umenyooka kwenye 0.66 atasema sensa imeganda na gari linamwaga mafuta mengi, kumbe kila kitu kiko sawa. Kibaya zaidi, sensa nyingi za aina hizi mbili zina nyuzi zilezile za milimita 18, kwa hiyo moja inaweza kufungwa mahali pa nyingine bila mkono kuhisi tofauti, lakini kontroli boksi haitaelewa inachoambiwa.

Hivi karibuni niliangalia Mark X iliyoletwa kutoka Moshi ikiwa imefungwa hedasi pande zote mbili. Mwenye gari aliniambia, "Fundi, hii ni sensa ya pili, na taa bado inawaka." Msimbo ulikuwa P0171 peke yake, bila P0174, ambao husema jambo lilelile kuhusu upande wa pili. Kwa injini ya V6, hiyo ni habari kubwa. Sensa ya hewa inayoingia ni moja kwa silinda zote sita. Kama ingekuwa chafu, au kama pampu ya mafuta ingekuwa imechoka, pande zote mbili zingeathirika kwa pamoja. Tatizo la upande mmoja hutafutwa upande huohuo: nozeli zake, gaskiti ya manifoldi ya hewa, au eksozi yake.

Nilifungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ubaki sawa. Injini ikiwa inazunguka bila kukanyagwa mafuta, upande wa kwanza ulikuwa unaongezewa asilimia 17 na wa pili asilimia 2. Nilipoipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ile 17 ilishuka hadi 4. Mwenendo huo ni wa tundu linaloingiza hewa, kwa sababu hewa ya tundu huonekana nyingi wakati injini inavuta kidogo, na haina uzito inapovuta kwa nguvu. Swali likabaki kama tundu liko upande wa kuingilia hewa au kwenye eksozi, na jibu lilikuwa kwenye plagi. Hewa ya ziada ikiingia kabla ya silinda, nyongeza ya mafuta huisawazisha na plagi hubaki na rangi yake. Hapa plagi za upande wa kwanza zilikuwa nyeusi kwa masizi, na za upande wa pili zilikuwa za kahawia hafifu. Moshi wa injini hautoki kwenye eksozi kwa msukumo mmoja mfululizo. Kati ya silinda moja na nyingine msukumo hugeuka kwa kitambo kidogo, na hewa ya nje huvutwa kupitia ufa wowote uliopo. Sensa huona oksijeni ambayo haikupita kwenye silinda, mafuta huongezwa bila sababu, na gari hunywa mafuta kupita kiasi huku msimbo ukidai kwamba mafuta ni machache.

Gari lilipopoa nilipeleka hewa ya kompresa, kwa shinikizo dogo, kwenye mkia wa eksozi na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu lilitoka kwenye flanji ya hedasi, yaani bamba lake la kufungia kwa bolti, kati ya injini na sensa, mahali penye mstari mwembamba wa masizi ambao mtu angeupita kwa urahisi akiuona ni uchafu wa kawaida. Flanji ilikuwa imepinda wakati wa kuchomelewa. Ilisawazishwa, ikafungwa gaskiti mpya ya chuma, na sensa haikuguswa.

Uchomeleaji huleta matatizo mengine pia. Kitako cha sensa, yaani tundu la kuifungia kwenye bomba, kikihamishiwa mbali sana na injini, sensa hupoa, na sensa ya zamani haifanyi kazi ipasavyo chini ya nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Kikielekezwa chini, maji ya mvuke hujikusanya na kuipasua. Waya zikirefushwa, zibanwe kwa viungio na zisichomelewe kwa risasi, kwa kuwa sensa nyingi hupata hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya waya hizo. Gundi ya silikoni isiyo salama kwa sensa huipaka unga mweupe na kuiua kabisa.

Misimbo ya hita, yaani ya kipashio kilicho ndani ya sensa, kama P0135 au P0031, ndiyo inayostahili kumpeleka mtu kwenye sensa yenyewe mapema, na hata hapo multimita itangulie. Kwenye sensa za kampuni ya Denso waya za hita ni mbili nyeusi. Sensa ikiwa imepoa, ya zamani ya Toyota kwa kawaida husoma ohm 11 hadi 16, na ya A/F ohm 1.8 hadi 3.4. Ikisoma vizuri, angalia fyuzi, kisha fuata waya hatua kwa hatua, maana hedasi huunguza waya zilizo karibu nayo.

Kuhusu P0420 na P0430, misimbo inayosema masega hayasafishi moshi ipasavyo, baada ya kutoa masega hakuna cha kupima: sensa ya nyuma ya mahali pa masega inaona moshi uleule unaoonwa na ya mbele, na inasema hivyo. Kuisogeza kwa kipande cha bomba ili taa izimike ni kuificha habari, na moshi mchafu unabaki kwa majirani zetu. Msimamo wangu ni kwamba masega yarudishwe.

Wapo pia wanaolaumu hewa nyepesi ya Arusha, kwa kuwa tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Sensa ya hewa inayoingia hupima uzito wa hewa, kwa hiyo mwinuko peke yake hauwashi taa hii.

Baada ya matengenezo, usisome matokeo mara tu unapofuta msimbo, kwa sababu kufuta huondoa pia marekebisho ya muda mrefu na kila namba huonekana nzuri. Mark X ile niliiacha iende hadi Moshi kwanza, na picha ya mashine niliyotumiwa kutoka huko ilionyesha asilimia 3 upande wa kwanza na 2 upande wa pili.