Mashuka ndiyo yaliyoniambia

Dobi hujua mapema kuliko meneja. Miaka 11 nimefua mashuka ya hoteli moja huku pwani ya mashariki, Unguja, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuyahesabu yanapoteremshwa kutoka vyumbani. Wageni wakijaa nilikuwa napokea mashuka 140, hata 150, taulo mbali. Mwaka huu mwezi wa pili yakashuka hadi 90. Mwezi wa tatu, 60. Siku moja nikaletewa 22, nikakaa juu ya kapu la taulo nikamwambia mwenzangu, "Hapa pana jambo." Akasema masika hayo yanakuja.

Lakini masika sisi tumeyazoea. Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga, unakwenda nyumbani kwa nusu mshahara au patupu, unaziba paa linalovuja, Juni unaitwa kazini. Safari hii mashuka yalianza kupungua jua bado linawaka.

Barua zilitoka Jumatano. Tulikuwa watu 19. Yangu ina aya tatu na maneno "kutokana na hali ya biashara", kisha mshahara wa mwezi mmoja wa notisi na siku za likizo nilizokuwa sijachukua. Nikatakiwa nirudishe sare mbili. Nilizifua mwenyewe, nikazipiga pasi, nikazikunja kola juu kama ninavyokunja mashati ya wageni. Sikutaka mtu azishike akasema huyu alikuwa mzembe.

Usiku ule sikupata usingizi, nikaanza hesabu nyengine. Watu 19, kila mmoja na nyumba yake. Halafu wale wasiopewa barua yoyote: mzee anayeleta pweza jikoni asubuhi, bado wanajikunjakunja ndani ya ndoo; kijana wa shamba anayeleta mchicha na bilingani kwa pikipiki; dereva wa teksi anayesubiri kivulini mlangoni; mama anayetupikia sisi wafanyakazi chapati na maharage. Hao hakuna atakayewaita ofisini kuwaambia kitu. Watajua siku watakapokuja na mizigo yao na mlinzi awaambie leo hawahitajiki.

Na mwenye duka wetu. Kwake nachukua mchele wa mapembe, sukari, mafuta, sabuni, anaandika kwenye daftari, mwisho wa mwezi nalipa. Nilipomwambia, alifungua ukurasa wangu, akauangalia, akafunua mwengine, na mwengine. Kati ya sisi 19, wanane tumo humo. "Chukua tu, ndugu yangu," akaniambia, "lakini sukari chukua nusu." Na yeye mwenyewe bidhaa zile amekopa Darajani, sokoni mjini. Sikuwahi kufikiri kwamba mashuka yangu yamefungwa na daftari lile.

Mwaka 2020 tuliumia zaidi ya hivi. Ndege kutoka nje zilisimamishwa, hoteli karibu zote zikafungwa, ufukwe ukawa wetu na ng'ombe. Lakini maradhi yalikuwa ya dunia nzima, hakuna aliyejiuliza amekosea wapi, na wageni waliporudi tuliitwa. Sasa kila mtu barzani ana lake. Huyu anasema hoteli zimekuwa nyingi kuliko wageni, yule anasema huko Ulaya maisha yamepanda, mtu hana cha kusafiria. Huenda wote wako sawa. Mimi kinachonitia hofu ni kutojua tunasubiri nini.

Mama yangu yuko Mtambwe, Pemba. Nilichelewa siku nne kumpigia. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, halafu akanihadithia mambo ya karafuu. Utotoni mwao ukifika msimu skuli zilifungwa, watoto wote wako mikarafuuni, usiku nyumba nzima inachambua, na njia zote zimetandikwa majamvi ya karafuu zinazokauka. Baba yangu alijenga kwa karafuu, alioa kwa karafuu. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, wakizitia kwenye sigara zao. Kisha wakapanda mikarafuu yao, ikawatosha, na miaka ya 1980 bei ikaanguka. Mama anasema mwaka mmoja baba alipiga hesabu ya ujira wa wachumaji akaona hairudi, akaziacha juu ya miti mpaka zikachanua.

"Mikarafuu haikuugua, mwanangu," akaniambia. "Ilizaa vile vile. Aliyekuja kununua ndiye hakuja tena."

Neno hilo limenikaa. Nimekuwa nikijiuliza nilikosa nini, labda siku niliyounguza kitambaa cha meza, labda siku nilizoomba ruhusa mtoto alipolazwa. Mama hakunipa nasaha yoyote, lakini baada ya simu ile nimeacha kujiuliza.

Bamvua lililopita, siku zile maji yanapokupwa sana, nilimfuata mke wangu kwenye mwani. Kilimo hiki kilianza hapa pwani yetu mwaka 1989, na tangu hapo wengi wanaokilima ni wanawake. Zamani walipanda kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, lakini maji siku hizi yana joto, inageuka nyeupe na kukatika. Wamebaki na aina nyengine, spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo sana. Nilijua hayo kwa kusikia. Sikujua kwamba unafunga kipande kimoja kimoja kwenye kamba, umeinama, maji ya magoti, jua mgongoni, na vidole vyangu vilivyozoea sabuni vilichubuka kabla kamba ya pili kwisha. Yeye alikuwa ya tisa. Miaka yote hii nikisema nyumba naiendesha mimi, naye ada za skuli anazitoa humu, na sikuwahi kumshukuru. Nilimshukuru pale pale, majini. Akasema, "Funga vizuri, itachukuliwa na mkondo."

Mama anapata pensheni jamii, ile wanayopewa wazee wa miaka 70 na zaidi. Ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kila mwezi mimi ndiye niliyekuwa nikimtumia cha kuongezea. Jana alasiri simu yangu ikalia, nikadhani ni hoteli. Ulikuwa ujumbe: shilingi 30,000 kutoka kwa mama. Nikampigia nimwambie siwezi kuzipokea, hakupokea simu. Mpaka naandika haya sijazitoa.