Dredi za Ariel

Filamu ya zamani ya watoto ikirudiwa na mhusika mkuu akabadilika rangi, mitandao huwaka moto. Mimi huangalia nywele.

Binti wa kaka yangu yuko kwangu Umoja likizo hii, na jana aliniganda mpaka tukatazama tena The Little Mermaid, ile ya 2023. Rangi ya Halle Bailey, anayemwigiza Ariel, nguva wa hadithi hiyo, haikumshughulisha hata kidogo. Kwa mtoto wa Nairobi, mtu mweusi ni mtu tu. Lakini Ariel alipoibuka majini na kurusha kichwa nyuma, alinigeukia macho yamemtoka: "Anti, kumbe hizo ni dredi!" Akasogea karibu abusu runinga, akawa anazifuata kwa kidole, moja moja, zikipepea majini kama mwani. Na ni dredi kweli. Za mwigizaji mwenyewe hazikukatwa, zilizungushiwa tu nywele nyekundu.

Ugomvi wa rangi naukumbuka vizuri. Julai 2019 ilipotangazwa kwamba Bailey ndiye Ariel, kuna watu wazima waliolia kana kwamba nguva ana kitambulisho kinachotaja kabila. Hadithi ni ya Hans Christian Andersen, ya 1837, na hizo nywele nyekundu wanazozililia zilitoka kwenye katuni ya 1989.

Mwaka huohuo wa 2019 huku kwetu kulikuwa na kesi ya nywele hasa. Msichana wa familia ya Kirasta alirudishwa nyumbani na shule moja ya Kibera mwezi Januari kwa sababu ya dredi. Septemba, Mahakama Kuu ikaamua kwamba hawezi kufukuzwa kwa ajili ya hizo, maana ni sehemu ya imani yake. Nilifurahi sana. Ila imani ndiyo iliyomwokoa. Msichana asiye Mrasta, anayezitaka tu kwa sababu anazipenda, sioni akifika mbali na mwalimu wa zamu.

Leo asubuhi ikabidi nimpeleke kwa msusi, kwa sababu usingizi wote wa usiku ulikuwa wa Ariel. Akachagua uzi mwekundu wa kuumiza macho. Kabla hata hajashika chanuo, msusi aliuliza: "Shule inafunguliwa lini?" Nikamwambia Jumatatu. "Basi namsuka kubwa kubwa, kufumua kusiwe kazi." Shule yake inaruhusu matuta tu, bila uzi, na msusi ameshakutana na akina mama wa kutosha wanaorudi Jumapili usiku mbio mbio.

Ukitaka kujua filamu hizi zinaweza kufika wapi, tafuta Cinderella ya televisheni ya 1997. Mwimbaji Brandy ndiye Cinderella, na anacheza dansi na mwana wa mfalme akiwa na nywele zake zilizosukwa, na Whitney Houston ndiye anayemtolea miujiza. Malkia ni Whoopi Goldberg, mfalme ni Mzungu, mwana wao ni Paolo Montalban mwenye asili ya Ufilipino, na hakuna mhusika hata mmoja anayeuliza mtoto huyo alipatikana vipi. Utundu huo naupenda! Annie ya 2014 nayo ilimwacha Quvenzhané Wallis na afro yake badala ya vile vipilipili vyekundu vya zamani.

Kinachonikera kwa nguva wa 2023 ni kisiwa chenyewe. Ni Karibiani, enzi za meli za matanga, malkia ni mweusi, sokoni kumejaa weusi wanaocheka, na hakuna anayegusia walifikaje huko. Rangi imeingizwa, historia imeachwa bandarini. Sisemi waonyeshe minyororo kwenye sinema ya watoto, lakini wangeweza kuipeleka hadithi kisiwa cha kubuni kabisa.

Mchana, kichwa chekundu kikiwa tayari, nilimwekea Supa Modo, filamu ya Kenya ya Likarion Wainaina, ya 2018. Hiyo haikurudiwa kutoka popote. Jo, anayejiona shujaa wa kuruka angani, ana nywele fupi kama nusu ya wasichana wa mtaa huu, na anaongea kama wao. Hazikupita dakika nyingi.

"Anti, huyu anasoma shule gani?"

Nikamwambia Jo ni mgonjwa, ndiyo kwanza ametolewa hospitalini.

"Lakini kabla augue, alikuwa anasoma wapi?"