Niliolewa Ayalandi, jasho lilinitoka Rombo

Watu wakisikia nilifunga ndoa Ayalandi huuliza gauni nilishona wapi na tiketi ilikuwa shilingi ngapi. Hayo yalikuwa mepesi. Kilichonimaliza ni kitabu kimoja cha ubatizo kilichoko Rombo.

Tulifungia kule kwa sababu mama wa mchumba wangu ni mgonjwa, hawezi kupanda ndege. Mimi ni mtoto wa Moshi mjini. Kipaimara nimepatia mjini, kwaya nimeimba mjini. Ila kubatizwa nilibatizwa kwa bibi, tulipopanda kula Krismasi, kama watoto wengi wa Kichaga. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka padre wa kule alipotaka cheti cha ubatizo kilichotolewa ndani ya miezi sita. Nikapiga picha kile cha zamani, kimetiwa plastiki vizuri, nikamtumia. Kikakataliwa.

Paroko wangu ndiye aliyenielewesha. Kwenye kitabu, pembeni ya jina lako huandikwa kipaimara, na baadaye ndoa, au upadre, au nadhiri za utawa. Cheti kipya kikitoka na sehemu ya ndoa tupu, Kanisa linajua hujafunga ndoa kwingine. Cha zamani kinasema tu kwamba uliwahi kuwa mtoto mchanga.

Basi nikapanda Rombo. Katekista, mzee aliyemfundisha hata mama yangu, akaniuliza LB namba ngapi, yaani namba yangu kwenye kitabu cha ubatizo. Sina. Mwaka? Nikautaja. Mwezi? Desemba.

"Mwanangu," akacheka, "Desemba ndiyo mmebatizwa wote."

Tulishuka na kidole mstari kwa mstari karibu saa nzima. Nikajiona: Anyesi. Pasipoti inasema Agnes. Cheti cha kuzaliwa, Agness, s mbili. Hapa kwetu huyo ni mtu mmoja na hakuna anayeshangaa. Ukipeleka karatasi hizo Ulaya, ni wanawake watatu. Ilibidi wakili wa mjini aniandalie kiapo kwamba majina yote ni yangu, na paroko wa Rombo akaongeza barua yenye muhuri. Halafu ikaonekana kipaimara changu hakijaandikwa pale pembeni, maana taarifa haikuwahi kupanda kutoka mjini. Nikashuka kuifuata, nikapanda tena. Konda wa Hiace alishaanza kuniita dada wa Rombo.

Ukiwa na mpango kama wangu, anza na kitabu, lakini cheti chenyewe usikichukue mapema mno. Mimi viza ilisuasua hadi cheti kikabakiza wiki tatu kufikisha miezi sita.

Walitaka pia barua ya kuthibitisha kwamba niko huru kuolewa, kutoka kila parokia niliyokaa zaidi ya miezi sita tangu niwe msichana mkubwa. Niliwahi kufanya kazi Dar miaka miwili, na huko nilikuwa msalaji wa Jumapili moja moja. Hata Moshi barua huanzia jumuiya, kile kikundi cha waumini wa mtaani. Mama mwenyekiti alinitazama juu ya miwani: "Agnes, wewe tunakuonaga misibani tu." Nikalipa zaka niliyokuwa nadaiwa, nikahudhuria Jumamosi nne mfululizo, akasaini. Sikumlaumu. Anathibitisha kitu kwa jina lake, lazima awe ananijua.

Tulitangazwa Jumapili tatu. Msomaji alilitamka jina la mchumba wangu kwa namna tatu tofauti, na mara ya tatu kanisa zima likacheka. Kisha paroko akanihoji peke yangu, nikiwa nimeapa: kuna anayenilazimisha? Kuna ninachomficha mwenzangu? Mwenzangu alihojiwa kwao na padre wake. Faili langu lilipita ofisi ya jimbo, likapata kibali, likatumwa jimbo la kule.

Upande wa serikali una utaratibu wake. Ayalandi msajili anapaswa kupata taarifa angalau miezi mitatu kabla, ada yuro 200, na siku chache kabla ya ndoa mnakwenda wote wawili mbele yake mnapewa fomu. Padre akiwa ameandikishwa, fomu hiyo inasainiwa baada ya misa na ndoa inatambulika kote kote, hamna haja ya bomani.

Nyumbani kulikuwa na kesi nyingine. Baba mkubwa alisema binti hatoki kimya kimya. Kwa hiyo sendoff ya Moshi ilibeba kila kitu: ndafu, mbege, kamati, michango. Mama alitaka niondoke na majani ya isale, mmea wa heshima kwetu Wachaga, kwenye sanduku, nimpe mama mkwe. Nilimweleza mimea haiingii kule bila cheti cha afya ya mimea. Akanuna siku mbili, kisha akashona kitambaa chenye picha ya isale. Hicho kilisafiri.

Krismasi iliyofuata tulipanda Rombo, sasa wawili. Taarifa ya ndoa ilikuwa imeshafika kutoka Ayalandi, na mzee katekista alikuwa ameacha kuiandika mpaka nije nione. Akafungua Desemba yetu, akaanza kuandika pembeni ya Anyesi. Alipofika jina la mume wangu akaruka herufi moja.

"Shikamoo tena, mzee," nikamwambia, "naomba tulirekebishe kabla wino haujakauka."