Siku Tatu za Kujifunza Kuteleza Juu ya Mawimbi

Nilipokwenda likizo ya ufukweni mwaka huu, niliazimia kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, mchezo wenye mizizi Polinesia, eneo la visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambao uliingia katika Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021.

Asubuhi ya kwanza sikugusa maji kwa karibu nusu saa, kwa kuwa mwalimu alinitaka niketi mchangani niitazame bahari, na sasa naona kwamba hilo lilikuwa somo kubwa kuliko yote. Wimbi huvunjika linapofika penye maji machache, kwa sababu sehemu yake ya chini hupunguzwa kasi na sakafu ya bahari ilhali kilele kinaendelea mbele. Palipo na utulivu wa kuvutia katikati ya mawimbi yanayovunjika, mara nyingi ndipo ulipo mkondo unaorudisha maji baharini; anayechukuliwa nao asishindane nao, bali aogelee sambamba na ufuo hadi atoke ndani yake, ndipo ageukie nchi kavu. Nawasihi wazazi wawafundishe watoto jambo hili kabla ya kuwanunulia ubao.

Ubao wangu ulikuwa wa futi 9, mpana na laini, maana ubao mrefu huelea vizuri na humstahimilia anayeanza. Nilianguka mara nyingi, lakini siku ya tatu nilipiga maji kwa mikono, nikahisi wimbi likiinua mkia wa ubao, nikasimama, nikabebwa hadi maji ya magotini.