Kingi mbili mkononi, 9 na 8 mezani

Ukipewa ree mbili au kingi mbili kwenye poka ya Texas Hold'em, hatua ya kwanza haina ugumu: unapandisha dau. Kazi huanza flopu ikishafunuliwa, yaani karata tatu za kwanza kati ya tano za mezani ambazo wote huzitumia pamoja na mbili za mkononi. Jozi uliyo nayo, hata iwe kubwa vipi, bado ni jozi moja, na kwa kuwa dau halina kikomo, mtu yeyote anaweza kukulazimisha uhatarishe kila shilingi iliyo mbele yako. Hivi ndivyo ninavyozicheza karata hizo kwenye meza yetu ya Ijumaa usiku hapa Nyali, Mombasa. Blaindi, pesa ambazo wachezaji wawili hulazimika kuweka kabla ya kuona karata, ni shilingi 50 na 100, na kila mtu huanza na 10,000.

Mimi huanza kuilinda jozi kabla ya flopu. Ree mbili zikikutana na karata zozote za mtu mmoja hushinda takriban mara 85 kwa 100. Zikikutana na watu watano waliokaa wote mpaka karata ya mwisho, hata nusu hazifiki. Na meza yetu haipendi kutupa karata! Pandisha 300 uone: watakufuata wanne, mmoja wao akiwa na 7 na 4 kwa sababu eti zote ni za kopa. Kwa hiyo mimi hupandisha hadi 400, na kwa kila aliyekwisha kulipia 100 mbele yangu naongeza 100 nyingine. Nataka nibaki na mtu mmoja au wawili. Wakitupa wote nikaokota vijisenti, sawa tu.

Flopu ikishafunuliwa, kitu cha kwanza ninachotazama ni kitita, yaani pesa za katikati, kisha pesa nilizobakiwa nazo. Nagawanya. Nikiwa nimebakiwa na mara mbili au tatu tu ya kitita, mara nyingi kwa sababu tulipandishiana sana kabla ya flopu, sijisumbui: jozi yangu ikizidi karata zote za mezani naingiza zote, na akinifungua mwenye tatu za namna moja, basi. Ikiwa mara sita hivi, napanga kuweka dau mara mbili na kusikiliza. Ikizidi kumi, nakaza mkono. Kwa kitita kidogo na pesa nyingi nyuma, anayekubali kumaliza kila kitu na wewe ni nadra awe na jozi ndogo kuliko yako.

Kuna mkono mmoja ulioonyesha hesabu hiyo vizuri. Nilikuwa na kingi ya kopa na kingi ya pau. Mzee mmoja mstaafu, anayekuja na thamosi yake ya kahawa ya tangawizi na huweza kukaa saa nzima bila kupandisha, alilipia 100. Nikapandisha 500. Kijana wa blaindi kubwa akafuata, mzee naye akafuata. Katikati pana 1,550, mimi nimebakiwa na 9,500. Mara sita na kidogo.

Flopu: 9 ya shupaza, 8 ya shupaza, 3 ya uru. Wote wawili wakagonga meza, yaani wakapitisha zamu bila kuweka dau. Watu wengi hapa hugonga pia, ati wanatega. Mimi sitegi kwenye meza yenye shupaza mbili na karata zinazokaribiana, kwa sababu anayesubiri flashi, yaani karata tano za alama moja, anapata karata ya bure. Nikaweka 1,000. Kwa dau hilo, anayefuata anahitaji nafasi 28 kwa 100, ilhali shupaza yake kwenye karata moja inayofuata huja takriban mara 19 kwa 100. Anaweza kuipata, sawa, lakini ameinunua ghali. Kijana akatupa. Mzee akahesabu chipu zake polepole, akafuata.

Karata ya nne: 2 ya kopa. Haijamsaidia mtu. Mzee akagonga, nikaweka 2,000 kwenye kitita cha 3,550.

Akafunika thamosi. Akasukuma zote, 8,500.

"Nimeweka zote, mwanangu."

Kufuata kungenigharimu 6,500 zaidi, ili nigombee 14,050. Yaani ili nisipate hasara lazima nishinde karibu mara 32 kwa 100. Akiwa na 9 tatu, 8 tatu au 3 tatu, naokolewa na kingi mbili tu kati ya karata 44: si zaidi ya 5 kwa 100. Akiwa na 9 na 8, nafasi yangu ni 18 hivi. Akiwa anasubiri flashi kwa ree ya shupaza, nipo mbele kwa 73. Nikajiambia, huyu mtu nimempa robo nzima ya nafasi kwamba anasubiri flashi, na bado hesabu haifiki 32. Na robo yenyewe ni ukarimu, maana anayesubiri flashi meza hii hufuata kimya kimya, hasukumi.

"Chukua, mzee." Nikatupa.

Alizichanganya karata zake na zilizotupwa, bila kuonyesha. Kijana akamsihi mpaka akachoka.

Kama angesukuma yule kijana, ningefuata bila hata kuhesabu sana. Yeye hupandisha kwa flashi anayoisubiri, kwa jozi ya 9, kwa hasira. Karata zangu zilezile, meza ileile, jibu tofauti. Ndiyo maana namtazama mtu zaidi ya ninavyozitazama kingi zangu.

Kwini na jeki nazipa uhuru mdogo zaidi. Ukiwa na kingi mbili, ree hutokea kwenye flopu karibu mara 23 kwa 100. Ukiwa na kwini mbili, karata inayozizidi hutokea mara 41, na kwa jeki mara 57, zaidi ya nusu! Ree ikitokea nami nina kwini, mbele ya mtu mmoja naweka dau moja dogo, theluthi ya kitita. Akifuata, nagonga meza mpaka mwisho, na akiweka dau kubwa nazitupa. Mbele ya watu watatu silipi hata hiyo theluthi. Na meza ikiwa kavu, mathalani kwini mbili zangu juu ya 7, 5 na 2 za alama tofauti, dau langu huwa nusu ya kitita, ili mwenye 7 aone bei nzuri ya kunifuata.