Kipimo cha wasiwasi usikirudie kila jioni, cha mwelekeo wa kimapenzi usikifungue usiku wa manane

Ukiwa na simu na bando, vipimo viwili unavipata dakika hiyo hiyo: kinachouliza una wasiwasi kiasi gani, na kinachodai kukuambia unavutiwa na jinsia ipi. Kwa sura ni ndugu: maswali, vitufe vya kubonyeza, alama mwishoni. Kwa kazi hawajuani kabisa, na anayevichanganya hutoka na hofu kubwa kuliko aliyoingia nayo.

Tuanze na cha wasiwasi, maana hicho kina mashiko. Kinachotumika sana ni GAD-7, kilichochapishwa mwaka 2006 na Spitzer na wenzake huko Marekani. Kina maswali saba tu, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: kuhisi hofu au kukosa utulivu, kushindwa kuzuia mawazo ya wasiwasi, kuhangaikia mambo mengi kupita kiasi, kushindwa kupumzika, kuhangaika mpaka huwezi kukaa, kukasirika upesi, na kuogopa kama vile jambo baya liko njiani. Kila swali lina majibu manne: hapana kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ya juu ni 21. Kuanzia 5 ni wasiwasi mdogo, kuanzia 10 wa kati, kuanzia 15 mkali. Kwa kuwa ni hesabu ya kujumlisha tu, andika kwenye karatasi. Huhitaji tovuti inayokudai barua pepe ndipo ikupe jibu.

Sasa pale watu wanapoteleza. Alama 10 haimaanishi una ugonjwa. Katika utafiti wa mwanzo, kwa kikomo cha 10 kipimo kiliwakamata asilimia 89 ya wenye tatizo lenyewe, na kikawaachia huru asilimia 82 ya wasio nalo. Chukua watu 100, tuseme 10 kati yao ndio wagonjwa kweli. Kipimo kitawanasa 9. Lakini katika wale 90 wazima kitawanyooshea kidole kama 16. Kwa hiyo kati ya watu 25 walioambiwa "una wasiwasi", wengi si wagonjwa. Ndiyo maana alama hiyo ni tiketi ya kwenda kuonana na mtu aliyesomea, si hukumu.

Wiki mbili nazo zina ujanja wake. Mwanafunzi wa Mkwawa au MUST akijipima katikati ya mitihani ya chuo, anapima mitihani. Mkulima wa Mbozi anayesubiri malipo ya kahawa, vivyo hivyo. Subiri jambo lipite, kisha jipime tena baada ya wiki mbili kamili. Kujipima kila jioni hakuna maana, kwani siku 13 kati ya 14 ni zile zile za jana.

Jambo jingine ambalo kwa nyanda zetu si dogo ni shingo. Ukanda huu wa Nyanda za Juu Kusini unajulikana miaka mingi kwa rovu kutokana na upungufu wa madini joto. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukosa usingizi na kukonda, na mtu mwenye dalili hizo anaweza kupata alama za juu kabisa kwenye karatasi. Upungufu wa damu nao hufanya moyo udunde. Vidonge vya salbutamol vya pumu, vivyo hivyo, na kahawa kali ya jioni usiisahau. Mwambie daktari unatumia dawa gani, na kama uvimbe upo shingoni uonyeshe hata asipouliza.

Haya, tuje kwenye kile kingine.

Vipimo vya mwelekeo wa kimapenzi hupenda kujitwika jina la Kinsey, mtafiti wa Marekani aliyechunguza tabia za ngono. Ukweli ni kwamba ngazi ya Kinsey, ya mwaka 1948, inayoanzia 0 (jinsia tofauti tu) hadi 6 (jinsia yako tu) na alama X pembeni (hakuna mvuto), haikuwa dodoso la kujijaza. Wahojaji walikaa na mtu, wakasikiliza historia yake, wao ndio wakampangia namba. Jedwali la Fritz Klein la mwaka 1978 lina mambo saba, kama mvuto, vitendo, njozi, hisia za upendo na jinsi unavyojitambulisha, na kila moja linajazwa mara tatu: zamani, mwaka huu, na vile ungependa. Visanduku 21, kila kimoja 1 hadi 7. Linafaa kumsaidia mtu aone kwamba mambo haya hayaendi pamoja kila mara na hubadilika na wakati. Halikutengenezwa litoe jina mwishoni. Vile vingine vinavyouliza unapenda filamu gani na unakaaje kitini ni vya kuuza matangazo tu, na sioni sababu ya kuviheshimu.

Penye uzito hasa ni pale wasiwasi unapoingia kwenye swali hili. Kuna watu ambao shaka ya "je, mimi niko hivyo, navutiwa na jinsia yangu?" huwajia kama wazo linalolazimisha, mara kumi, mara hamsini kwa siku. Wataalamu huihesabu kama sura mojawapo ya OCD, ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na vitendo vya kujituliza ambavyo mtu hawezi kuviacha. Dalili zake ni hizi: mtu anamwangalia mwenzake kwenye daladala kisha anaukagua mwili wake kama umeshtuka, anachambua urafiki wa darasa la tano, anafungua kipimo, anapata jibu la kumtuliza, na nafuu hiyo haimalizi hata saa moja. Kisha anatafuta kipimo kingine. Kukagua mwili kunapotosha, kwa sababu sehemu yoyote ukiikazia fikra ukiwa na hofu itakupa hisia fulani, na hisia hiyo haithibitishi lolote. Hapo kipimo si dawa, ni sehemu ya ugonjwa. Kila jibu linaufundisha ubongo kwamba swali lile lilikuwa hatari ya kweli.

Wapo pia wanaovutiwa na watu wa jinsia yao, wanaojijua vizuri, na wasiwasi wao unatokana na kuficha: nyumbani, kanisani, msikitini, hosteli. Kuvutiwa huko si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliuondoa kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Kinachotibiwa ni wasiwasi. Na mtu anaweza kuwa na yote mawili, mvuto huo na shaka inayolazimisha, kwa hiyo asitokee mtu wa mtandaoni kukutenganishia kwa maswali kumi.

Kuhusu usiri, sitazunguka. Tanzania Bara sheria ya kanuni ya adhabu inatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa vitendo vya ngono "kinyume cha maumbile", si kwa hisia wala kwa kujibu maswali. Hata hivyo picha ya skrini ikivuja, mtaani hawatakusomea vifungu. Usiingie kwa akaunti ya Facebook, usiandike namba ya simu, usilipie matokeo kwa pesa za simu, maana muamala unabeba jina lako. Dirisha la faragha linafuta historia kwenye simu yako tu. Tovuti yenyewe bado imekuona. Simu ikienda kwa fundi Kabwe au Mwanjelwa jijini Mbeya, toa akaunti zako kwanza.

Alama za GAD-7 zikifika 10, au mawazo yakikuchukulia zaidi ya saa moja kwa siku, nenda kituo cha afya uombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Siku ya kwanza si lazima useme mawazo yenyewe yanahusu nini. Inatosha: "Silali, moyo unaenda mbio, kuna wazo linajirudia na siwezi kulizuia." Kabla ya kusema zaidi, uliza faili lako linasomwa na nani. Kwa OCD tiba yenye nguvu ni mazoezi ya kukabili shaka bila kujikagua, pamoja na dawa kama fluoxetine zikihitajika. Dawa hiyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na wengi huiacha wiki ya pili wakidhani haisaidii. Diazepam, ile dawa ya kutuliza, usiinunue dukani bila cheti, inazoeleka haraka.

Wakati unasubiri tarehe, hamu ya kufungua kipimo ikija, iahirishe dakika 15 ukiwa unafanya kazi ya mikono, kisha 30, kisha mpaka kesho, bila kujijibu swali lenyewe kimoyomoyo. Mawazo ya kujidhuru yakija, usisubiri tarehe: nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu leo hii, pamoja na mtu. Aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116 bure.